Divisheni Iliyobaki Kwenye Ramani

Buer, karibu na Melle,
Jumapili, 28 Aprili 1946

Mpendwa dada yangu Henrike,

Kabla hujavuta hata kiti: Volkmar yu hai. Nimemwona kwa macho yangu Jumatatu ya Pasaka. Anatembea kwa miguu yake miwili na mikono yake ina sugu za kazi. Sasa keti, dada, uvute pumzi, kwa maana yaliyobaki ni marefu na si yote yatakayokufurahisha.

Hujambo wewe? Na shemeji Arno, mgongo wake umemwachia? Nasikia huko kwenu Blumenau, Brazili, mafuriko yaliwatembelea tena. Naomba Mungu maji yawe yameishia kwenye ngazi kama mara ile. Sisi tunasema hatujambo, kwa kuwa ndivyo watu wanavyojibu. Mke wangu Elfriede anakohoa tangu Februari lakini anaamka na kufanya kazi zake. Mgao wa mkate umepunguzwa tena mwezi uliopita, na tunaishi kwa viazi na ile mizizi ambayo marehemu baba alikuwa akiwalisha ng'ombe. Nyumba imesimama. Chumba cha mbele anakaa mama mmoja mkimbizi kutoka Silesia na watoto wake, watu wema, ila wanawasha moto kama vile kuni zinateremka kutoka mbinguni.

Barua yako iliyopitia Msalaba Mwekundu ilinifikia kabla tu ya Pasaka, nami sikutaka kuijibu kabla sijamwona mwanao. Posta ya nje imefunguliwa mwezi huu, basi hii nadhani itafika.

Unaniuliza kwa nini Volkmar hakuandikii, ilhali wengine wamekwisha kuandika. Unaniambia pia kwamba waliozaliwa Brazili kama yeye wanaweza kupewa karatasi na kusafiri kurudi huko. Na mwishoni unaniuliza kama ni kweli anayosema yule mke wa mwoka mikate wa huko kwenu: kwamba mwanao alilikimbia jeshi na akahukumiwa kifo.

Alihukumiwa, dada. Hilo ni kweli. Kukimbia, hakukimbia.

Unataka jina la aliyemhukumu. Ningekuwa na jina moja ningekupa, ulilaani upate usingizi. Lakini mambo hayakuwa hivyo, na ili uelewe, inanibidi nikuingize katika nyumba ile nilimofanya kazi.

Kikosi chetu kikuu kilikuwa na divisheni tatu, kila moja yenye maelfu ya askari, chini ya jenerali mmoja. Juu yetu kulikuwa na jeshi lenyewe, chini yetu divisheni, na sisi katikati tulikuwa kama koo: kila kinachoshuka na kila kinachopanda lazima kipite hapo. Machi mwaka jana koo hilo lilikuwa katika jumba la mwenye kiwanda cha mbao, kijiji cha Birkenscheid, milimani Sauerland. Sebuleni ilikaa idara ya mapigano, ya kwanza kwa heshima, chini ya Luteni Kanali Rautenberg. Humo ndimo nilimokuwa mimi na penseli zangu za rangi, nikichora ramani ya hali ya vita: bluu sisi, nyekundu adui. Upande wa jikoni alikaa Meja Stübing wa ugavi, mwenye mikate, risasi, petroli na majani ya farasi. Chumba cha kushonea cha mama mwenye nyumba kilikuwa cha kapteni anayefuatilia habari za adui. Ghorofani walikuwako anayeshughulika na maafisa, daktari, mchungaji, na mwisho wa ujia hakimu, Bwana Kessenich, pamoja na karani wake.

Katika chumba cha vitabu alikaa mnadhimu mkuu, Kanali Wedderkamp. Mlango wa jenerali ulikuwa nyuma ya meza yake. Hapakuwa na karatasi wala binadamu aliyemfikia jenerali bila kupita kwa Wedderkamp, na neno la jenerali halikutoka ila kwa kinywa chake.

Kila chumba kilikuwa na kazi yake na hakikuingilia ya mwenzake. Mpango huo tulisifiwa nao, na kwa kweli ulikwenda vizuri kama saa. Mwenye mikate hasemi juu ya mapigano, mwenye mapigano haulizi mikate imefika wapi, na hakimu haamini ila alichoandikiwa. Siandiki haya ili utuhurumie. Tuliwaendea watu majumbani kwao miaka mingi kabla hawajaja kwetu.

Volkmar alikuwa katika kikosi cha simu cha makao makuu yetu, fundi wa nyaya. Kila wiki aliingia sebuleni kwetu na matope hadi magotini, akaniita "mjomba" mbele ya maafisa, nami nikajifanya kukasirika. Mkubwa wake alikuwa koplo mmoja, Tammo Eilers, mtu wa nchi ya mabwawa kule pwani ya Frisia, mpole wa kusema na mzito wa kutembea. Siku moja alisimama nyuma ya bega langu akiitazama ramani.

"Mzee," akaniambia, "siku ukituchora sisi wawili, tuchore karibu na jiko."

Nilimpenda kuanzia siku ile.

Sasa sikiliza yaliyotokea. Divisheni yetu ya kushoto ilikuwa katika kijiji cha Niederlohe, makao yake yakiwa shuleni. Wiki ile ya mwisho ya Machi simu yake ikanyamaza. Redio nayo kimya. Malori ya Stübing yaliyopeleka mikate yakarudi na mikate yake. Kapteni wa habari za adui akawasikia Wamarekani redioni wakitajiana jina la Niederlohe kama watu waliokwisha kuingia humo na kuvua viatu. Kila chumba kilijua kipande chake, na jumba zima lilijua yote. Lakini amri ya kutoka juu ilikuwa kwamba mstari ushikiliwe hadi mtu wa mwisho, na kuifuta divisheni ile ni kuonyesha shimo, na anayeonyesha shimo ndiye atakayeulizwa.

"Mpaka taarifa rasmi ifike, ipo," alisema Rautenberg. Basi nikaiacha, bluu, mahali pake.

Na kwa kuwa ipo, simu yake imeharibika. Na simu ikiharibika hupelekwa mafundi. Wakatumwa Tammo na Volkmar.

Walitandaza waya tangu asubuhi hadi alasiri, mtaro kwa mtaro, mti kwa mti. Walipofika Niederlohe waliikuta shule wazi, madaftari ya watoto yametapakaa uani, na upande wa pili wa kijiji vifaru vya Wamarekani, askari wao wakinyoa ndevu. Hapakuwa na divisheni. Hapakuwa na mtu wa kupokea simu. Wakageuka kurudi kutoa habari.

Kwenye njia panda wakakamatwa na polisi wa jeshi. Volkmar ameniambia maneno yalivyokwenda.

"Mnatoka wapi?"

"Niederlohe, kwenye divisheni."

"Kwa nini mnarudi? Kazi imekwisha?"

"Divisheni haipo."

"Nani kasema haipo?"

"Macho," Tammo akajibu.

Utani huo ulimgharimu. Waliandikwa kwamba wameacha kazi mbele ya adui na kueneza habari za kuvunja moyo. Kwa kuwa walikuwa askari wa makao makuu, si wa divisheni, kesi yao ililetwa kwa Kessenich, ghorofani juu ya kichwa changu. Kessenich alituma swali moja chini, idara ya mapigano: je, divisheni iko Niederlohe? Jibu likapanda: kwa mujibu wa ramani, iko. Basi hakimu akawa amemaliza kazi yake: kifo kwa wote wawili.

Karani wake alishuka akaninong'oneza. Niliweka penseli chini na miguu ikaanza kwenda yenyewe.

Nilianza na Rautenberg. "Afande," nikamwambia, "wale mafundi wamesema kweli. Wewe unajua, mimi najua."

Hakuinua macho. "Mimi najua kilichoandikwa, Brinkhoff. Na wewe unachora kilichoandikwa. Unachora vizuri. Endelea."

Nikaenda jikoni kwa Stübing. Huyo alikuwa mtu mnene, mcheshi, aliyezoea kutukana kwa upendo. Nilimwomba atamke tu kwamba mikate ya Niederlohe hairudishwi kwa bahati mbaya. Akacheka bila furaha.

"Wewe mchora maua, unataka niseme mikate yangu inajua vita kuliko mabwana wa sebuleni? Nikisema haipo, wataniuliza kwa nini jana niliandika imepelekewa risasi." Kisha akaacha kucheka. "Mpwa wako yule?"

"Mtoto wa dada yangu, afande. Mama yake yuko Brazili."

"Mungu wangu. Usipoteze wakati kwangu. Nenda kwa Wedderkamp. Sisi wengine ni milango tu, yeye ndiye bawaba."

Koplo kama mimi haendi kwa mnadhimu mkuu, dada. Anaitwa. Mimi nilikwenda. Nilisubiri ujiani hadi msaidizi wake alipotoka, nikaingia nikasimama wima. Kanali Wedderkamp alikuwa mtu mkavu, mwenye mvi, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Nilidhani atanifukuza. Alinisikiliza mpaka mwisho, faili likiwa wazi mbele yake.

"Katika kesi hii," akasema, "kuna mmoja aliyeamuru warudi na mwingine aliyemtii mkubwa wake. Aliyetii naweza kumtoa. Atapelekwa kikosi cha adhabu kuchimba mahandaki."

"Na aliyeamuru, afande?"

"Aliyeamuru alisema divisheni haipo."

"Lakini haipo, afande."

Akanitazama. "Unaniomba mtu, Brinkhoff, au unaniomba niingie mle ndani nimwambie jenerali kwamba ukuta wetu wa kushoto umeanguka?"

"Naomba vyote viwili, afande. Ni jambo moja."

Niliona, naapa, kwamba alikuwa anapima. Kisha akasema, "Utapata kimoja," akachukua karatasi na kuingia kwa jenerali. Mlango haukufungwa sawasawa. Nilimsikia jenerali akiuliza habari za petroli. Wedderkamp alipotoka, karatasi zote mbili zilikuwa na sahihi, moja ikiwa imebadilishwa na nyingine ikiwa vilevile.

Jenerali hakumwona Tammo, wala Tammo hakumwona jenerali. Hakimu alifuata ramani, ramani ilifuata amri, amri ilitoka juu. Askari waliofyatua risasi walichaguliwa na mtu ambaye hakujua ni kwa kesi gani. Nimemtafuta mtu mmoja katika mlolongo ule mwaka mzima, dada, na kila ninayemshika ananionyesha aliye nyuma yake.

Walimpiga risasi asubuhi nyuma ya kiwanda cha mbao. Volkmar alikuwa amefungiwa katika banda la gari la zimamoto, kando ya njia. Alimsikia Tammo akipitishwa pamoja na mchungaji, na Tammo akapaza sauti kwa lugha ya kwao pwani: "Volkmar! Ukifika kwetu, yule ng'ombe mweusi usimkamue upande wa kushoto. Anapiga teke!" Polisi mmoja akacheka. Halafu, baada ya kitambo, ikasikika milio.

Adhuhuri ya siku ileile Rautenberg alikuja mezani kwangu. Taarifa rasmi ilikuwa imefika kutoka juu. Akaweka kidole juu ya Niederlohe.

"Futa," akasema.

Nilifuta. Nilisugua mno hadi nikaichana karatasi kidogo, naye akanikemea kwa uchafu.

Siku chache baadaye tulikuwa tumezungukwa pande zote. Tulichoma karatasi uani, Stübing akagawa mikate iliyobaki, na kila mtu akaenda na mikono juu. Rautenberg nasikia yuko kambini kwa Waingereza. Wedderkamp alijiua msituni. Kessenich ameonekana Kassel, anatafuta kazi. Nimekutajia ili usiendelee kuuliza.

Nilitoka kambi ya wafungwa wa vita Septemba na kumngojea Volkmar hapa Buer. Elfriede alikuwa amemtandikia kitanda. Hakuja. Naye alikuwa ametekwa, akaachiliwa Oktoba na akaenda moja kwa moja pwani, kwa wazazi wa Tammo, amevaa koti la mfungwa mwenzake. Ndiko aliko hadi leo, na ndiko nilikokwenda Pasaka, sehemu kwa treni, sehemu juu ya gari la makaa ya mawe, sehemu kwa miguu.

Nyumba ya Eilers iko peke yake nyuma ya boma la bahari, lile tuta refu la udongo linalozuia maji. Baba yake Tammo, mzee Wiard, ana mkono mmoja tu tangu vita vile vya kwanza. Mama yake anaitwa Gesche. Tammo ndiye aliyekuwa mtoto pekee. Barua waliyoletewa ilisema amehukumiwa kwa woga, na kwamba matangazo ya msiba hayaruhusiwi.

Volkmar alifika mlangoni kwao akaeleza yote akiwa amesimama, kofia mkononi. Mzee hakuuliza kitu juu ya kesi. Alimwuliza, "Unajua kukamua?" Volkmar akajibu, "Najua kwamba yule mweusi hakamuliwi kushoto." Mzee akageuka akaenda zizini, akakaa huko hadi jioni. Aliporudi akasema chumba cha juu kina baridi, kijana alale karibu na jiko.

Nilimwonyesha Volkmar barua yako na kumweleza habari za karatasi na meli. Tulikuwa juu ya boma, upepo unavuma, kondoo wanatuzunguka. Alisoma mara mbili akaikunja.

"Mjomba, wewe ulidhani Tammo ndiye aliyesema turudi?"

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Ni mimi. Yeye alitaka tulale mtaroni tungojee kama kuna wetu atakayetokea. Mimi nikasema, twende, hapa tutakufa bure. Mbele ya hakimu akasema, mimi ndiye mkubwa, mimi niliamuru. Nilifungua mdomo, akanikanyaga mguu chini ya meza. Alinikanyaga mpaka hakimu akafunga faili."

Nilimwambia ushauri wake ulikuwa sahihi, kwamba mtu yeyote mwenye akili angegeuka. Nilimwambia waliomwua Tammo walikuwa wamekaa kwenye viti, si yeye. Akasema anajua. Akasema kujua hakumsaidii asubuhi, anapoviona miguuni mwake viatu vya Tammo alivyopewa na wazee.

"Wazee wanajua?" nikamwuliza.

"Niliwaambia siku ya kwanza. Ningekulaje mkate wao?"

Hiyo ndiyo sababu hakuandikii, dada. Si kwamba amekusahau. Anasema kila akianza "Mama mpendwa" anamwona Gesche upande wa pili wa meza, ambaye hana tena mwana wa kumwandikia hivyo, na kalamu inasimama. Na ndiyo sababu hatapanda meli mwaka huu. Mzee ana mkono mmoja, majani ya kukata ni mengi, ng'ombe ni saba. Sikumbembeleza. Nilijaribu kuona kama ningeweza kusema kwa haki, "Njoo, waache," na sikuona.

Najua nakuumiza. Umemngoja miaka minane tangu umpandishe meli kuja kujifunza kazi kwangu. Kama unataka kumlilia, lia. Ila usimwamuru arudi. Ukimwamuru atakutii, na nimekwisha kukueleza kutii kulivyotufikisha pale. Na yule mke wa mwoka mikate mwambie hivi: mwanangu alitumwa kupiga simu kwa watu wasiokuwepo, akarudi kusema hawapo. Basi.

Jambo moja limebaki. Asubuhi nilipokuwa naondoka, Gesche alinisindikiza hadi lango la zizi. Ni mwanamke mdogo, hasemi sana. Alinishika mkono wa koti akaniuliza, "Huyu kijana alikuwa na homa mwezi wa pili. Alikataa kila nilichompikia, na hasemi anataka nini. Akiumwa, mama yake alikuwa anamfanyia nini?"

Nilisimama pale kama mjinga, Henrike. Alikaa kwangu tangu ana miaka kumi na sita, na sikuwa na jibu. Basi mwandikie wewe. Bibi Gesche Eilers, Westeraltendeich, kupitia Emden. Usimshukuru sana, wala usimwombe radhi, hatajua la kufanya nayo. Mweleze tu akiumwa hula nini, na usingizi humjia vipi.

Elfriede anakusalimu sana, na anasema lile shuka lako la harusi bado lipo. Nisalimie Arno, na mdogo wetu Ottilie akishuka kutoka shambani, na mtoto wake ambaye sijamwona. Mungu awafunike huko mliko, ayarudishe maji mtoni kwake, na atupe sisi wote mwaka mmoja bila habari kubwa.

Nduguyo akupendaye, mwenye kukuwaza kila siku,

Ewald